Kupimwa Uhai kwa Redio ya Marehemu Athanasi

Wananchi wote wa Karagwe na Kyerwa walitangaziwa kwamba hakuna redio ya upepo yenye umri wa zaidi ya miaka thelathini itakayohesabiwa kuwa nzima, mbovu au ya wastani, mpaka Kamati ya Pamoja ya Kupima Uhai wa Vyombo Vizee iseme hivyo.

Aliyeandika tangazo hilo ni Bwana Egbert, mwenyekiti wa kamati, na aliona limekaa vizuri sana.

Kazi ya kwanza ilimpeleka Chonyonyo, kwa Bi. Kantengwa, mjane wa mwalimu Athanasi. Marehemu alikuwa na leseni ya kuzungumza hewani, kwa mapenzi yake tu, na aliacha redio nzito ya kijivu, ya kupokea na kurusha sauti. Chama cha wapenda redio huko Mwanza kilikuwa tayari kuinunua kwa laki sita, mradi iwe na cheti cha uzima. Bi. Kantengwa alitaka tangi la maji kabla ya kiangazi.

Bwana Egbert hakuwahi kushika redio ya namna hiyo, jambo lililomhakikishia kwamba hatakuwa na upendeleo. Alimwamkia mama shikamoo, akaizunguka redio mara mbili, akaigonga ubavuni kama anachagua tikiti maji. Karani wake, Margreth, akaandika: mng'ao hafifu, uzito wa kuridhisha.

"Mwanangu, iwashe kwanza ipate moto," Bi. Kantengwa alisema. "Hizi za zamani ukizipima papo hapo, sauti inahamahama. Halafu inuse kwa nyuma. Kama imeungua ndani, harufu itakwambia."

"Mama, mwongozo hauna kipengele cha kunusa."

Kipengele cha mwisho kilikuwa mazungumzo. Kule Bugomora, kwa mfugaji Tumusiime, kulikuwa na redio pacha, na afisa aitwaye Novath alitumwa kwenda kujibu. Bwana Egbert akashika kipaza sauti, akabonyeza kitufe chake kwa nguvu zote za ofisi, akasoma salamu, dira ya kamati na majina ya wajumbe. Kisha akasubiri jibu, kidole kikiwa palepale.

Kimya.

"Achia kitufe, mwanangu. Ukikibonyeza unaongea tu, husikii."

"Mama, upimaji unaendelea."

Bi. Kantengwa akaenda zake jikoni kuchemsha chai. Bwana Egbert aliigusa redio, akaona imepata joto.

"Andika: imekufa, ila ina homa."

"Mzee, si tujaribu alivyosema mama?" Margreth aliuliza.

"Ikishakufa ni chuma chakavu. Shemeji yangu ataichukua kwa elfu ishirini, Mwanza tutaipeleka wenyewe, na cheti kipya."

"Na bosi akiuliza?"

"Placidius? Yule haulizi. Anasaini chochote chenye mihuri miwili."

Chai ilipofika, alikiweka kipaza sauti mezani ili apokee kikombe. Redio ikakohoa.

"Bwana Egbert, Placidius hapa." Nyuma ya sauti ng'ombe walikuwa wanalia. "Nilikuja kukagua josho, Novath akaniita nisikilize. Tumekusikia safi kabisa, dakika ishirini na mbili, mimi na wafugaji wote waliopo hapa. Mpe Margreth kipaza sauti. Kuanzia sasa mwenyekiti ni yeye."

Bwana Egbert alibaki na kikombe mkononi, hajui akinywe au akirudishe. Margreth alibonyeza kitufe.

"Niandike nini, mzee?" Akakiachia.

"Ulichokiona. Na safari hii nitasoma kabla ya kusaini."

Wafugaji wakacheka mpaka redio ikakwaruza.

Margreth aliandika kwamba redio ni nzima. Imebonyezwa na afisa dakika ishirini na mbili mfululizo, bila kupumzishwa, na haikuungua. Fundi wa chama alipokisoma cheti alimpigia simu Bi. Kantengwa, akaomba amtajie tena zile dakika, asije akawa amesoma vibaya. Redio za umri ule, alisema, hupumzishwa kila baada ya muda mfupi. Hakuna mtu mwenye akili zake anayezijaribu namna hiyo. Wakaongeza laki mbili.

Bi. Kantengwa alinunua tangi kubwa. Chama nacho kikaandika barua rasmi kwa Kamati, kikiomba kwamba Bwana Egbert, kwa kuwa sasa ana nafasi, aje Mwanza azihutubie na redio zao nyingine.