Kiti cha Tisa ni Changu

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Nimepata mjukuu! Wa kiume! Mzima, ana sauti, ana nywele!

Habari imeingia asubuhi kwa redio kutoka Tarawa, kisiwa chetu kikuu, nikiwa nasubiri taarifa za upepo. Badala ya upepo nikasikia sauti ya mke wangu Teretia. Yuko huko tangu Agosti, anamwangalia binti yetu Akoia.

Teretia akasema ubatizo ni Jumapili ya tarehe 19. Jina amenitunzia, mtoto ataitwa Baraniko kama mimi, lakini kwa sharti moja: nisimame kanisani kwa miguu yangu, nimempakata mwenyewe. Nisipofika, upande wa baba yake wana majina yao tele. Kisha akaongeza kwamba safari hii nijaribu kusema hapana, walau mara moja tu maishani. Redio ile inasikika visiwa vyote! Hata na meli zilizo baharini!

Yote ni kwa sababu ya kiti. Mimi ni wakala wa ndege hapa kisiwani. Napima abiria na mizigo yao, naongea na rubani kwa redio, nafukuza nguruwe kiwanjani. Ndege inatua Jumatatu na Alhamisi. Viti ni tisa tu, na kile cha tisa, cha mlangoni, ni cha wakala: ampe amtakaye au akikalie mwenyewe. Mwaka wa kumi na moja huu sijakikalia. Kwetu mtu akikutazama usoni akatamka bubuti, yaani nakuomba, umekwisha. Kumnyima huwezi. Ukimnyima utajificha wapi na aibu yako, wakati kisiwa chenyewe unakimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa?

Jibu nimelipata. Mtu asiyeonekana haombwi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeula wa chuya.

Jana jioni nilitoweka. Nikateremka kwenye shimo la magimbi la ukoo, nikaketi topeni, jani moja kubwa kichwani. Nia yangu ilikuwa nikae humo mpaka nisikie ndege, nichomoke mbio, nijipime, nipande. Nani atamwomba mtu aliye mbioni? Mbu wakanila watakavyo. Nikavumilia. Nikamfikiria mtoto.

Alfajiri shangazi Tabera akaja kuchimba gimbi lake. Akachoma mti wake topeni, ukanipata begani. Nikapiga ukelele! Yeye wala hakushtuka. Akauliza tangu lini mawakala wanaoteshwa. Kisha akashika shavu, limevimba kweli, akasema jino halijamlaza wiki nzima, na akalitamka neno lile. Nilikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. Nikasema sawa, shangazi.

Mizani ikamsoma kilo arobaini na moja, na kuku wake humo humo. Rubani akauliza kama tope ndiyo sare mpya. Nyuma yangu Ioteba wa duka la ushirika akacheka mpaka akashika nguzo. Ioteba! Nguruwe ninaowafukuza kiwanjani kila siku ya Mungu ni wa nani kama si wake?

Jumamosi, 11 Oktoba

Wazo limenijia juu ya mnazi nikigema tembo la asubuhi. Nusura nianguke kwa furaha.

Kitu kilichokwisha kuombwa hakiombwi tena kwangu. Basi binamu yangu Uriam ataniomba kiti kesho baada ya misa, hadharani, pale ukumbini, watu wote wakiona. Jumatatu asubuhi atanirudishia kimyakimya. Rahisi! Uriam amekula yamini. Nimemsomesha maneno yake mpaka ameyashika. Ni mwaminifu sana Uriam, ila moyo wake mwepesi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Uriam aliomba vizuri mno. Alitoa hata chozi, ambalo hatukulipanga. Nikasita, nikashusha pumzi, nikakubali. Makofi.

Kumbe mama mkwe wake ameketi nyuma yake. Akamgusa bega, akalitamka neno. Uriam akanitazama mimi, akamtazama mama mkwe, akafungua mikono. Mama hajamaliza kushukuru, shemeji yake naye akamwomba. Shemeji akaombwa na jirani. Kiti changu kikazunguka ukumbi pamoja na sinia la samaki, na kabla ya chai kuisha kilikuwa kimetua kwa Ioteba.

Leo nimempima mwenyewe. Kilo mia moja na kumi na nane! Nikaisoma kwa sauti ya kanisani. Nikairudia, ili na wa upande wa pili wa kisiwa wapate. Hakujali. Amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Eti anakwenda kuulizia bei ya misumari, na akipata nafasi atamsalimia Teretia. Misumari gani inayotaka pasi? Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto, hana wa kumkimbilia Tarawa. Mwenye mjukuu ni mimi!

Ndege ilipoondoka nikapanda mizani mwenyewe, basi tu. Nimepungua kilo nane tangu Agosti. Nimeikagua mizani, nimeigonga, nimeisafisha. Ni nzima.

Jioni Uriam amekuja na samaki wawili, hathubutu kuninyanyulia macho. Nimemwambia aketi tule. Nimechoka kula peke yangu.

Jumatano, 15 Oktoba

Kesho ndiyo ndege ya mwisho kabla ya ubatizo. Sasa ujanja umefika kileleni.

Nimetangaza ukumbini kwamba wenzetu wa Tarawa wameleta habari: kiti cha tisa kimevunjika mguu. Kiti kibovu nani atakiomba? Kesho ndege ikitua nitapigwa na mshangao, loo, kumbe kimetengenezwa! Watu wakishangaa pamoja nami, mimi niko ndani.

Wamesikitika sana. Wamekuja mmoja mmoja kunipa pole. Mmoja ameniletea mkate. Dhamiri ilinisumbua mpaka nilipoumaliza ule mkate.

Nimefunga mzigo. Shati jipya. Asali ya mnazi ya Teretia, anaipenda. Mkeka mdogo wa mtoto, nimeusuka mwenyewe kwa majani ya mkadi. Pembe moja imepinda kidogo. Hataiona, macho yake bado machanga.

Alhamisi, 16 Oktoba

Wa kwanza kushuka alikuwa Ioteba. Nikajiandaa kwa kejeli. Hakukejeli. Akasema amemwona mtoto. Nikasema vizuri. Akasema amempakata.

Amempakata! Mjukuu wangu! Kabla yangu! Na mtoto amemkojolea shati lote, lile la pasi, naye anaeleza kwa majivuno! Nilitaka kumrudisha mizanini nimsome tena. Lakini akaitazama mikono yake. “Ni mwepesi mno, Baraniko,” akasema. Akaondoka bila hata kuwaulizia nguruwe wake.

Sikuwa na muda naye. Nikatoa mshangao wangu: loo, kumbe kiti kizima! Nikajipima. Hapo akaja Routi, mke wa mwalimu. Binti yake mdogo, Mwea, alikimbizwa hospitali ya Tarawa wiki mbili zilizopita na bibi yake, homa kali, na mama mtu hakupata nafasi tangu siku hiyo. Nikafumba macho. Nikangoja lile neno.

Halikuja. Akanipa kifurushi, kijigauni na kipande cha keki ya ndizi, nimpelekee Mwea. Akasema amefurahi kiti kimepona. Akasema ni zamu yangu, nimengoja sana.

Nikapanda. Kiti cha tisa! Laini! Nikafunga mkanda. Nikaufungua nikaufunga tena, kwa utamu wake. Rubani akawasha injini ya kwanza. Nikachungulia dirishani, nikamwona Routi amesimama penye mizani, ananipungia mkono.

Hakuniomba! Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nina kitu na hakuna aliyekiomba. Na mkanda ukaanza kunibana.

Nikapiga kelele rubani azime. Nikashuka. Nikamwambia Routi apande, akakataa. Nikamsihi, akakataa, akasema mjukuu, akasema ubatizo, akasema ataenda Jumatatu. Ikabidi nimtazame usoni nimtamkie mimi neno lenyewe: bubuti, mama, kalia kile kiti. Hapo hakuwa na ujanja. Alipanda analia. Nikamrushia mkeka na chupa ya asali awapelekee wangu.

Ndege ikaruka. Nikakimbilia mwisho wa kiwanja kufukuza nguruwe. Hawakuwepo nguruwe.

Jumapili, 19 Oktoba

Leo wamembatiza.

Nimevaa shati jipya hivyo hivyo. Wakati wa misa nilisimama nyuma kabisa, mikono nimeikunja namna ya mtu aliyebeba kitu. Uriam akaniona, akageuza uso haraka. Jumapili redio haifunguliwi. Sijui ameitwa nani.

Nataka mke wangu arudi. Siandiki zaidi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Wamekuja! Wamekuja wote!

Nilikuwa nasimamisha mizani, kichwa chini. Nikasikia mtu akiuliza kama kwenye kisiwa hiki hakuna chakula, mbona wakala amebaki shingo. Teretia! Na Akoia nyuma yake! Na kitu kidogo kwenye mkeka wa pembe iliyopinda!

Mtoto hajabatizwa! Routi, alipokwisha kumwona Mwea (ameketi, anakula, ameimaliza keki), akaenda moja kwa moja kwa Teretia akamweleza yote, na shimo la magimbi pia, maana shangazi Tabera alikwisha lisambaza Tarawa nzima. Teretia akaenda kwa padri akalitamka neno: ubatizo ufanyike kisiwani, kwa babu yake. Padri naye ni mtu wa kwetu, angefanyaje? Akaenda kwa upande wa baba, neno. Leo asubuhi, kiwanjani, akawaomba viti abiria wawili, mmoja ni mkaguzi wa serikali na tai yake shingoni. Akampa.

Nimemwuliza Teretia alitumia hila gani. Amesema aliomba. Nikamwambia hilo najua, lakini hila yenyewe? Hataki kunifundisha.

Kisha akaniwekea mtoto mikononi.

Jamani. Ana ndita, kama zangu. Nilimweka kwenye mizani ya ndege, mshale haukusogea hata kidogo. Nilipompakata tena akanikojolea, kifuani mpaka kiunoni. Nimemwita Ioteba aone. Amekiri mwenyewe kwamba shati lake halikulowa hivyo.

Usiku huu nimekula sahani mbili.

Alhamisi, 23 Oktoba

Jana jioni alikuja Ioteba. Shati la pasi. Kamburuta kitoto cha nguruwe, eti cha karamu ya ubatizo. Akaketi. Akaeleza habari za misumari, ndefu. Teretia akamtengea chai, ikapoa. Mtoto amelala mapajani mwangu, na Ioteba kila akitaja msumari anamtazama.

Mwishowe akasema. Tangu ampakate siku ile hapati usingizi. Babu yake aliitwa Ioteba, naye Ioteba, na baada yake hakuna wa kuitikia. Anajua jina limewekewa mtu. Anajua hana haki. Akainua uso akanitazama, akalitamka neno kwa sauti ndogo sana.

Hapana yangu ilikuwa tayari! Nimeifanyia mazoezi kiwanjani wiki nzima, peke yangu, kwa sauti. Ilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Teretia ameacha kusuka, ananiangalia. Nikafungua mdomo.

Nikasema sawa, ndugu yangu.

Ioteba akalia. Mtu wa kilo mia moja na kumi na nane akilia, sakafu nayo inalia. Nikampa mtoto ampakate, ili anyamaze. Teretia akainuka akatoka nje, nikajua leo nimekwisha. Nikamfuata, nikamkuta gizani amejifunika uso kwa nguo, mabega yanatetemeka. Anacheka! Anacheka na machozi yanamtoka. Akasema yeye kaolewa na mlango usio na komeo. Kisha akanishika mkono, tukakaa pale nje mpaka Ioteba alipomaliza kumwimbia Ioteba.

Basi, Jumapili mtoto anabatizwa Ioteba. Sawa. Lakini nimejifunza! Kosa langu lote lilikuwa redio. Akoia akipata wa pili, redioni tutasema nguruwe amezaa. Hakuna atakayeshtuka. Nitapanda kiti cha tisa taratibu, nifike Tarawa, na huyo ndiye atakuwa Baraniko.

Hii ni siri kubwa. Nimemwambia Uriam peke yake.