Mapipa Sita na Mteremko wa Manga

Jumatatu, 2 Agosti 1971
Mapipa yangu sita yamekubaliwa kwa maji ya makambi, mkutano wetu wa kila mwaka wa mahemani. Aliyetangaza ni Mzee Nehemiah Machogu wa kanisa letu, mbele ya watu wanne. Sharti: yawe tayari Ijumaa kabla ya jua kutua, na atayanusa yeye mwenyewe. Yalikuwa ya dizeli, ya watengeneza barabara. Makori, fundi wa matangi ya bati, alisema pipa la dizeli ni kama mlevi: mwogeshe utakavyo, akifungua mdomo utajua. Watu wakacheka. Nikacheka pia, wasijue nimeumia. Nikishindwa, litakalosimama makambini ni tangi lake, na mimi nitabaki kuitwa yule wa mzinga usio na nyuki. (Mzinga wa 1969. Sitaki kuueleza.)

Jumanne, 3 Agosti
Njia ya kawaida: tia kokoto, magadi na maji moto, funga kizibo, watu wawili wabiringishe pipa huku na huku hadi adhuhuri. Mimi ni mmoja. Kwa mgongo huu, ni nusu. Lakini naishi juu ya mteremko wa Manga! Kilima hakichoki, wala hakiombi chai. Nikalisukuma la kwanza kwa mguu. Hatua 212, likasimama kwenye migomba. Kokoto zilitoka nyeusi, na ndani kulimetameta kama sufuria ya bibi harusi. Nikashangaa kwa sauti kwamba hakuna aliyewahi kufikiria jambo hili. Mke wangu Gesare akasema wengine hukumbuka kwamba pipa lazima lirudi juu. Kulirudisha: saa mbili na nusu.

Jumatano, 4 Agosti
Uvumbuzi wa pili: yasirudi. Yashuke mara moja, yakae huko huko. Manne yalishuka salama. La sita likakutana na jiwe. Likaacha njia, likapita katikati ya ua wa Makori, likagonga tangi lake jipya na kung'oa mfereji wa kutekea maji. Tangi lilikuwa limejaa. Maji yalikwisha kwa dakika tisa. Nilikuwa na saa.
Makori hakupiga kelele. Aliniuliza kwa upole, “Baba Mokeira, hili pipa lako lilikuja kuomba kazi kwangu?” Mkewe, Persis, alisema hataki pole, anataka maji yake. Majirani wakaamua: nirudishe debe arobaini kutoka chemchemi, peke yangu, kwa kichwa changu.

Alhamisi, 5 Agosti
Mwanamume pekee kwenye foleni ya chemchemi. Mmoja aliuliza kata yangu ya kuwekea debe kichwani iko wapi. Mwingine akataka kujua nimeolewa boma gani. Debe kumi na moja. Shingo haigeuki. Nilipishana na Gesare njiani. Alinisalimu kama mgeni kutoka Gesima.

Ijumaa, 6 Agosti
Mzee Nehemiah alifika saa kumi. Alinusa akiwa amefumba macho. Kwa la sita alikunja pua, kwani halikumaliza safari yake. Kwa mengine matano alisema hajawahi kunusa chuma safi hivyo. Makori akanyamaza! Miaka mingi nimekingoja kimya hicho. Kilidumu mpaka mzee alipoagiza maji yatiwe. Matano yakavuja kila upande. Kilima kilikuwa kimeng'oa dizeli na kulegeza maungio. Linaloshika maji ni la sita tu, lile linalonuka.
“Ndugu Josiah,” alisema mzee, “umetuletea vichujio.”
Uamuzi wake: tangi la Makori litiwe mfereji mwingine, liende makambini. Debe ishirini na tisa ninazodaiwa nitazijazia huko huko, siku ya kufungua, mbele ya mahema yote.

Jumamosi, 7 Agosti
Sabato. Sikupanga chochote. Nilifikiri tu, wakati wa sala ndefu.

Jumapili, 8 Agosti
Sitaonekana na debe kichwani mbele ya kanisa zima. Nimepata njia. Chemchemi iko juu, uwanja wa makambi uko chini yake moja kwa moja. Pipa la sita huingia debe kumi na moja. Safari tatu, badala ya ishirini na tisa! Jumatano lilipotea njia kwa sababu lilikuwa jepesi. Likijaa maji litatulia. Harufu nayo itajiosha njiani.
Gesare aliuliza litasimamishwa na nini. Nikamwambia migomba. Akasema migomba ile ilikatwa Ijumaa, ikapambe lango la makambi. Nimepima: kutoka ilipokuwa migomba hadi hema la kwanza ni hatua arobaini. Zinatosha.
Nitalisukuma Jumatano, tarehe 11, siku ya kufungua, saa mbili kamili asubuhi, wimbo wa kwanza ukianza.