Malalamiko Juu ya Mhunzi Anayetengeneza Breki Upesi Mno

Ndandalo, njia ya Mwaya,
mwezi wa Juni, 1912

Kwa Bwana Mhariri,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe pamoja na wale wanaopanga herufi za gazeti lako. Mimi ni Ambilikile, mwalimu wa shule ya misheni hapa Ndandalo. Nakuandikia kumshitaki mtu.

Naomba serikali, kwa kupitia gazeti lako, imzuie Tuntufye, mhunzi wetu wa majembe, asiguse tena breki ya baiskeli ya mtu yeyote. Sina chuki naye. Ni mpole, hakosi ibada, na jembe lake halijamvunjikia mtu. Lakini aliyonitendea hayavumiliki, nami nimeyapanga kwa hesabu ili usichanganyikiwe.

1. Kwanza ujue utaratibu mzuri wa duka. Baiskeli yangu niliinunua kwenye duka la bandarini Mwaya. Breki yake ilikuwa kipande cha mpira: ukivuta mkono wa chuma, kinashuka na kubana gurudumu la mbele. Mwezi wa Agosti mpira ule ulikwisha. Nikaenda kwa karani wa duka, Bwana Ambrose, mtu wa Likoma aliyesoma sana. Akafungua kitabu kikubwa, akaandika jina langu kwa wino wa rangi mbili, akasema, "Mwalimu, kitu cha Ulaya hutengenezwa na Ulaya. Ukikipeleka kwa mtu mwingine, duka halikujui tena."

Nilifurahi. Ni raha kujulikana na duka.

Oktoba meli ikaleta kasha lenye jina langu. Ndani mlikuwa na kiti cha baiskeli ya kike. Ni kiti kizuri, sina neno nacho. Januari likaja kasha la pili, lenye pampu tatu. Bwana Ambrose akaandika tena, safari hii kwa wino mwekundu mtupu. Je, Tuntufye ana wino? Hana hata kalamu.

2. Nilipokuwa nikiingoja Ulaya, nilipata shida ndogo ya mteremko. Kila Ijumaa napanda Tukuyu kuchukua barua za misheni, na Jumamosi asubuhi narudi. Mteremko wa mwisho kabla ya kufika uwandani unapita mbele ya nyumba ya Mzee Anyitike. Kwa miezi mingi niliushuka kwa miguu, baiskeli mkononi. Lakini mwezi wa Mei nilimposa Angetile, binti wa mzee huyo, na mwanamume hawezi kuonekana na mchumba wake akiisukuma baiskeli kama mtu anayeswaga ng'ombe. Nikaanza kuipanda.

Kwetu, Bwana Mhariri, hupiti mbele ya baba mkwe ukiwa juu ya kitu. Unashuka, unachuchumaa, unasalimia taratibu, unangoja kuitikiwa. Mimi nilipita kama jiwe lililorushwa. Jumamosi ya kwanza nilisema "Mugonile, tata," lakini mzee alisikia nusu ya salamu, na nusu nyingine akaisikia jirani yake. Jumamosi ya pili nilijaribu kuzuia kwa visigino, nikaingia kwenye migomba yake na kuangusha mitatu, mmoja ukiwa na mkungu. Jumamosi ya tatu nilifumba macho, maana si adabu kumtazama mkwe bila kumsalimia.

Kesho yake, Jumapili, nilimkuta Marta, dada wa mzee, amesimama mlangoni mwa kanisa akiningoja.

"Mwalimu," akaniambia, "kaka yangu anasema, mwanamume asiyeweza kusimama mbele ya mlango wake hamtaki ndani ya nyumba yake. Ukipita vile mara nyingine, uchumba umekwisha."

"Na Angetile anasemaje?"

"Anasema simama."

Usiku ule sikula. Jumatatu nilikimbia bandarini kumweleza Bwana Ambrose. Alinisikiliza vizuri, akanipa ushauri wa kitaalamu: mzee ahamie upande wa pili wa barabara mpaka meli ije.

3. Sasa sikiliza kosa lenyewe. Ijumaa, nikiwa nimekata tamaa kabisa, nilipita kwenye banda la Tuntufye kuomba maji. Nasema kweli, maji tu. Hakuandika jina langu. Hakuuliza nilinunua wapi. Alilizungusha gurudumu, akaliinamia kama mtu anayemwinamia ndama mgonjwa.

"Kitu hiki kinakwenda," akasema. "Nawe unataka kisiende?"

"Nataka kiende, ila kisimame nikitaka."

"Basi kunywa maji yako."

Akachukua kipande cha jembe kuukuu, akakipinda motoni, akakishonea ngozi ya ng'ombe mikunjo minne, akakifunga pale palipokuwa na mpira. Jambo lililoishinda Ulaya yenye reli na meli kwa miezi kumi, mtu huyu amelimaliza nami sijamaliza kibuyu! Huko ni kuiaibisha Ulaya mbele ya watu.

4. Breki yake inashika. Hili ndilo kosa kubwa.

Jumamosi niliteremka. Nikamwona Mzee Anyitike ameketi kwenye kigoda, Marta kando yake, Angetile mlangoni. Nikauvuta mkono wa chuma kwa nguvu zangu zote, kama nilivyozoea kuuvuta ule wa Ulaya. Baiskeli ilisimama pale pale. Mimi sikusimama. Nilipaa juu ya usukani, nikatua kwa magoti mbele ya miguu ya mzee, viganja viwili chini, paji la uso vumbini, na salamu ikanitoka yenyewe, nzima, bila kukatika.

Mzee akainuka kigodani.

"Ndaga, mwanangu, asante," akasema. "Tangu nizaliwe sijasalimiwa namna hii."

Angetile alicheka hadi akashika nguzo ya mlango. Kisha akaja na maji akanipangusa uso, mbele ya baba yake, na baba yake hakumkataza. Nikajikuta nami nacheka, jambo ambalo mtu aliyeumia hapaswi kulifanya.

5. Matokeo yake, ndoa imewekwa mwezi ujao. Mimi nilikuwa nimepanga mwakani baada ya mavuno ya mpunga, kwa sababu nyumba yangu haina paa upande mmoja. Sasa kila siku baada ya masomo nakata nyasi za kuezekea, na Angetile ananiletea uji na kuniambia nilipoacha tundu. Ningengoja breki ya dukani, leo ningekuwa bado mseja, nimetulia.

6. Tena uovu unaenea. Mzee wa kanisa Hezekia amepeleka cherehani ya mkewe, nayo inashona. Mimi mwenyewe, kwa udhaifu, nilipeleka kengele ya shule iliyopasuka. Zamani nikiipiga hakuna aliyesikia, tukapumzika sote. Sasa inasikika hadi Bujonde, na wanafunzi wanakuja wote.

Kwa hiyo naomba itolewe amri: kila kinachoharibika kipelekwe mahali kiliponunuliwa, hata kama ni ng'ambo ya bahari, na mwenyewe angoje kimya. Mafundi wa namna ya Tuntufye wapewe kitabu na wino, wafundishwe kukawia. Ikishindikana, basi mteremko upunguzwe, angalau kimo cha mtu mmoja kila mwaka.

Wasalimie wapanga herufi, mama wa nyumbani kwako, watoto, na yeyote atakayeifungua bahasha hii kabla yako. Sisi huku tu wazima, ila magoti.

Ni mimi, mtiifu kwako na kwa duka,
Mwalimu Ambilikile

Nyongeza: Tafadhali usiichape barua hii kabla ya Jumamosi. Naimalizia nikiwa nimeketi bandani kwa Tuntufye, kwani ngozi imelika kwa kusimama kila mlango. Mbele yangu yuko Bwana Ambrose na baiskeli mbili mpya zilizoshuka melini juzi bila breki. Tuntufye anazifungia za kwake, na Bwana Ambrose anabandika juu yake karatasi ya duka iliyoandikwa "Kazi ya Ulaya." Nimemwomba Tuntufye aziweke kando kwanza aanze na yangu, maana nina haraka.