Wiki Damari Alipopewa Filimbi

Jumatatu, 14 Julai 2025

Upepo tangu asubuhi. Nyumba ya Mama Redempta, hapa viwanja vipya Manyoni, imefika usawa wa lenta, juu ya madirisha. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri mpaka mwenye nyumba alipofika.

Mama Redempta ni nesi mstaafu. Chumba cha upasuaji, miaka thelathini. Sasa anakaa Kiomboi kwa binti yake akisubiri nyumba iishe. Kwa kawaida hupiga simu kabla ya kuja. Leo hakupiga. Akamkuta Mzee Andrea, fundi mwenzangu, anatembea juu ya ukuta kwa ndala, na mimi nimesimama kwenye jukwaa langu la miti ya mirunda, nililolifunga kwa kamba za viroba. Nikamwamkia shikamoo huko huko juu. Akaitikia marahaba, kisha akauliza kwa upole nikianguka apigiwe nani simu.

Nikamwambia nimejenga miaka kumi na tisa na sijaanguka hata siku moja. (Ile ya Itigi sikuanguka. Niliteleza.)

Akasema yeye ameshona mafundi wengi kuliko nyumba nilizojenga.

Halafu akashusha boksi kwenye bajaji. Kofia ngumu nne, buti, glavu na filimbi moja. Nilinyoosha mkono kupokea filimbi, maana fundi mkuu ni mimi. Akampa Damari. Damari ni saidia fundi! Anachota maji, anakoroga mota, anapandisha ndoo. Akampa na daftari la kuandika kila kitakachotokea. Kuanzia leo hapandi mtu bila kofia na buti, na msimamizi wa usalama ni Damari. Mama atarudi Ijumaa. Akikuta mambo ni yale yale, paa atapewa Fundi Stanley wa Itigi.

Nikamweleza kwa heshima kwamba Stanley anapiga misumari kama mtu anayepanda uwele. Akajibu kwamba mafundi wa Stanley wote wana vidole kumi.

Jumanne, 15 Julai

Kofia ni nzito na inachemsha ubongo. Nimeivua mara saba. Filimbi imelia mara saba.

Nilitegemea Mzee Andrea angesimama upande wangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika mwiko, nikiwa bado sijaoa. Lakini ameivaa kofia yake kama aliyezaliwa nayo. Anasema ina nafasi nzuri ya kuweka kopo la ugoro. Mtu wa miaka sitini na tano, kanunuliwa kwa kofia.

Saa sita, wakati wa chakula, nikatekeleza mpango. Damari alikuwa ameitundika filimbi kwenye msumari akanawe mikono. Nikaichukua, nikaifukia kwenye lundo la mchanga. Nikapanda ukutani kichwa wazi, kwa raha zangu.

Damari akaitafuta kidogo, akaacha. Akaingiza vidole viwili mdomoni. Mlio uliotoka hapo uliwasimamisha bodaboda barabarani. Mzee Andrea akaniambia kwamba Damari amekua akichunga ng'ombe Ikungi, nilikuwa sijui? Nilikuwa sijui.

Jioni nikaifukua filimbi na kuirudisha kwenye msumari. Afadhali ile.

Jumatano, 16 Julai

Leo Damari kageukia jukwaa. Anataka livunjwe lote, lisukwe upya kwa misumari na mbao nzima, na juu pawe na mkono wa kujishikia. Nikamwambia jukwaa hilo nimelihamisha nyumba kumi na moja. Akasema ndiyo maana. Kisha akaandika kitu kwenye daftari, polepole, ili nione kwamba anaandika.

Kulisuka upya ni nusu siku. Mimi nataka Mama Redempta akija Ijumaa akute mbao za lenta zimekwisha pigiliwa, asahau habari za Stanley.

Nikabuni njia ya kumwondoa. Nikamtuma duka la vifaa, karibu na stesheni, akaniletee mafuta ya pima maji. Kwa asiyejua: pima maji ni kile kipande cha chuma chenye kibomba cha maji ndani, cha kupimia kama ukuta umenyooka. Haina mafuta. Haijawahi kuwa na mafuta. Nilipokuwa naanza kazi Mzee Andrea alinituma hayo hayo, nikayatafuta siku nzima mpaka Itigi.

Damari akarudi baada ya saa moja na mkokoteni. Mbao sita, misumari, waya wa kufungia. Alikuwa amempigia Mama Redempta simu, naye akazungumza na mwenye duka. Kuhusu mafuta, akasema mwenye duka ananisalimia, amesema yamekwisha, na kwamba fundi anayeyaagiza aende mwenyewe wamwone.

Mzee Andrea alicheka mpaka ugoro ukamwagika. Nami nilicheka kidogo, nikiwa nimegeukia ukutani.

Alhamisi, 17 Julai

Mpango wa leo ulikuwa mzuri. Nauandika kama ulivyokuwa.

Nilimwomba Mzee Andrea tufike saa kumi na mbili asubuhi, tupigilie mbao za lenta tukiwa juu ya jukwaa la zamani kabla Damari hajaja. Akija akute kazi imekwisha, avunje jukwaa apendavyo. Mzee hakutaka. Akasema kamba za viroba zikipigwa jua zinakuwa kama nyuzi za buibui. Nikamwambia basi nitapanda peke yangu. Akanitazama, akashusha pumzi, akauliza ubao wa upande wa pili nitashikiwa na nani. Akapanda.

Upepo ulikuwa mbaya. Nilivaa kofia, kwa sababu ya baridi tu.

Tulikuwa kwenye ubao wa tatu niliposikia kitu kinakatika, sauti ndogo kama ya kuvunja muwa. Mrunda wa kona ukaanza kuinama. Jukwaa lote likaufuata taratibu. Mzee Andrea akashika ukuta.

Damari alikuwa amekuja mapema kumwagilia ukuta. Hilo nililisahau, kwamba huwa anamwagilia mapema. Akatupa ndoo, akaweka bega kwenye ule mrunda, akausukuma. Hakupiga filimbi. Alisema tu, "Shukeni. Mmoja mmoja. Siwezi kushika sana."

Nikamwambia Mzee atangulie. Magoti yake hayana haraka. Alishuka hatua moja, akapumzika, hatua nyingine, akapumzika, na mimi juu nikimwona Damari miguu yake inazama mchangani. Mzee alipogusa chini nikamwambia Damari aachie. Akaachia na kuruka pembeni. Jukwaa likaenda.

Sikuanguka. Nilishuka pamoja nalo. Nikafikia kwenye lundo la mchanga, ubao ukanipiga kofiani, na mkono wa kulia ukajikunja chini yangu.

Vumbi lilipotulia Mzee Andrea alikuwa amekaa juu ya tofali. Alitaka kufungua kopo la ugoro, mikono ikakataa. Mikono ile nimeiona inanyoosha ukuta wa mita ishirini bila kamba. Damari akalichukua kopo, akalifungua, akampa. Treni ya mizigo ikapita, ikaisha yote.

Halafu Damari akasema, "Fundi, mimi sina shida na wewe. Nina shida na kamba yako."

Nikamwambia haya.

Tukasuka jukwaa jipya mchana kutwa. Damari bega moja, mimi mkono mmoja, Mzee akielekeza.

Ijumaa, 18 Julai

Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinapanda mlima.

Mama Redempta alifika saa nne. Nilikuwa nimewaomba wenzangu ya jana yabaki ya jana. Mzee akakubali. Damari hakujibu.

Jukwaa jipya lilisimama kama kanisa. Wote tumevaa kofia. Mkono wangu nimeutia mfukoni, kama mtu mwenye mawazo. Mama akazunguka, akatikisa nguzo, akaridhika. Kisha akanipa mkono. Nikatoa wa kushoto. Kumpa mama wa umri ule mkono wa kushoto! Hakuudhika. Alisema tu, "Lete na huo mwingine, mwanangu."

Akaubonyeza mahali pamoja. Nikaona nyota saa nne asubuhi. Akasema haujavunjika, umeteguka. Akamgeukia Damari, akauliza wiki hii kumetokea nini. Damari akamkabidhi daftari.

Nikaliona paa langu linakwenda Itigi. Nikamwona Stanley juu yake anachekelea.

Mama alisoma kurasa zote, ya filimbi mchangani na ya mafuta. Alipofika ya jana akasoma kwa sauti: "Kamba ilikatika. Fundi Simeoni alisema mzee ashuke kwanza, yeye akabaki juu. Kamba ilikuwa yake."

Akafunga daftari. Akasema ameona mafundi wengi wakiletwa hospitali, na siku zote anayepona kwanza ni yule aliyeruka akamwacha mwenzake. Kwa kuwa mimi sikuruka, paa ni langu. Ila kupanda na kushuka ni kwa ruhusa ya Damari, na mimi nisipande kitu chochote saiti kwa wiki mbili. Akanifunga bandeji. Akalitazama na bega la Damari, akamkanda kwa muda mrefu kuliko mimi.

Alipoondoka nilimwambia Damari ameandika vizuri. Akasema ameandika kilichotokea.

Jumapili, 20 Julai

Mama Redempta alisema nisipande kitu saiti. Nyumbani kwangu si saiti.

Mke wangu Aneth kaenda kanisani. Mimi nilibaki kwa ajili ya mkono. Bati moja la jikoni likawa linapigapiga kwa upepo, pa, pa, pa, mtu hawezi kupumzika. Ngazi ipo. Nyundo hata wa kushoto unashika. Nikapanda, nikapiga msumari mmoja safi kabisa, nikageuka kushuka, ngazi haipo. Upepo umeilaza uani.

Kwa hiyo naandika haya nikiwa juu ya bati. Daftari langu lilikuwa mfukoni.

Damari amepita sasa hivi njiani, katoka misa, kavaa kitenge chake kizuri. Akasimama. Akanisalimia, akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, nakagua mabati. Akatazama ngazi, akanitazama mimi. Akasema haya, kazi njema. Akaenda.

Ibada ya Aneth huisha saa saba. Sasa ni saa nne na nusu na bati linaanza kupata moto. Lakini nimekaa hapa nimetafakari. Kutoka paa hili mpaka kwenye mnara wa tenki la jirani si mbali kabisa, na mnara wake una ngazi yake. Ubao mmoja tu unatosha kuvukia. Na hapa karibu na mguu wangu kuna ubao.