Mgonjwa wa Djafari

Mwezi wa sita wa mwaka 1999, Ekspresi mmoja tu ndiye aliyekuwa bado anatembea Kamina, naye alikuwa kobe.

Treni ya ekspresi ilikuwa haijapiga honi siku nyingi, kwa sababu ya vita. Kobe alibaki. Marehemu Ismaeli, muuza samaki wakavu, alimnunua kituoni Bukama na kumwita Ekspresi, maana akianza safari ya sebuleni wakati wa chai, alifika ukutani adhuhuri. Kabla ya kukata roho Ismaeli aliomba neno moja tu: "Amida, baridi isimuue Ekspresi."

Basi Amida, mjane aliyekaa eda ndani ya nyumba, alibaki na tasbihi na kobe. Halafu akaja shemeji yake Djafari.

"Huyu ni mugonjwa," Djafari alisema. "Minyi nilitumika na docteur ya banyama kule Lubumbashi, myaka mbili."

Kweli alifanya kazi huko. Alikuwa anafungua geti.

Akamweka Ekspresi ndani ya katoni sebuleni, akamfunika blanketi mbili, akawasha mbabula, jiko la makaa, kulia na mbabula nyingine kushoto. Kutembea, marufuku. Siku ya tatu kobe hakufungua macho, na gamba lake lilikuwa moto wa kukaangia karanga.

"Shemeji, makala iko karibu sana," Amida alisema.

"Iko anatetemeka kwa ndani. Weye hauwezi kuona. Na mutu asifunue blanketi, upepo utamuua."

Kugombana na ndugu wa marehemu wakati matanga hayajaisha si adabu. Amida alingoja Djafari aende kuswali alasiri, akamtoa mgonjwa. Alimkalisha kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akisema bismillahi, mpaka jicho moja likafunguka, na la pili.

Mahali pake ndani ya katoni, chini ya blanketi, akaweka kofia ya chuma. Askari mmoja aliitupa uani kwake miaka miwili nyuma, akikimbia bila viatu, na tangu siku hiyo kuku walinywea humo.

Alikusudia kusema ukweli jioni ileile. Lakini jioni Djafari aliingiza mkono chini ya blanketi, akapapasa, akafumba macho kama daktari mkuu.

"Homa imeshuka," akasema.

Amida akarudi jikoni na ukweli wake.

Wiki nne Djafari aliisugua ile kofia kwa mafuta ya mawese, mkono chini ya blanketi, bila kufunua. Ekspresi mwenyewe alilala chumbani kwa mjane, mbali na moto, na kila asubuhi alizunguka jikoni palipopiga jua, akitafuna majani ya maboga. Hata majani ambayo Djafari aliyaacha katonini, Amida alimpelekea kobe.

"Na anakula?" aliuliza jirani Wenceslas, mtu wa reli.

"Sana. Lakini ana haya. Anangoja minyi nitoke."

Siku ya arobaini ikafika. Dua ilisomwa, chai ikanywewa, Amida akiwa nyuma ya pazia la jikoni na wanawake. Djafari akasimama mbele ya Mwalimu Daudi, aliyesoma dua, na wageni wote.

"Ndugu yangu aliacha amana," akasema. "Tazameni."

Akavuta blanketi kama gavana anayezindua sanamu.

Kofia iling'aa kwa mawese. Mwalimu Daudi akafuta miwani yake. Wenceslas akainama, akachungulia sana.

"Djafari," akauliza, "huyu wako iko na mukaba ya kufungia kidevu?"

Hapo pazia likatikisika chini, Ekspresi akatokeza, jani la boga mdomoni. Akapita katikati ya vikombe bila kumsalimu mtu.

Djafari alimtazama kobe. Akaitazama kofia.

"Munaona," akasema. "Nguvu ilimurudilia mpaka akatoka mu gamba."

"Na hii gamba anavaa sasa njo nini?" Wenceslas akauliza.

"Amevaa ingine."

Nyuma ya pazia ikasikika sauti ambayo nyumba hiyo ilikuwa haijaisikia tangu maziko. Amida alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, na mkono wake umeshika tasbihi bado. Mwalimu Daudi alijifunika mdomo kwa kanzu, lakini mabega yalimsaliti.

Alipopata pumzi, Amida akaita kwa heshima yote anayostahili shemeji:

"Shemeji, kama mugonjwa wako amepona, nirudishie kofia. Kuku banakunywia mu sahani yangu, hii ni wiki ya ine."