Swali Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 12 Mei

Mheshimiwa amekubali! Mwakilishi wetu atauliza Barazani ni lini Serikali itatuletea mkunga hapa Makangale. Kituo cha afya kina kitanda cha kujifungulia, kina mizani ya watoto, kina hata pazia. Mkunga hakuna tangu Ramadhani. Swali limepewa namba kumi na nne.

Naenda Unguja mwenyewe. Lazima. Mwalim Masoud, jirani yangu mwenye gari na maneno mengi, anatangaza kwamba barua yake ndiyo iliyozaa swali. Basi waniwashie televisheni, wanione nimekaa na wageni wa Mheshimiwa. Tutajua swali ni la nani.

Mke wangu Mwanaasha hakufurahi. Binti yetu Rahma yumo mwezi wa tisa, mumewe yuko dago, kambi ya wavuvi, anavua, hospitali iko Wete. Alitaka nibaki, nitafute gari ikae tayari. Nikamweleza kwamba swali likishaulizwa, gari ya nini?

"Baba Rahma," akasema, "uchungu haungoji swali namba kumi na nne."

Jumanne, 13 Mei

Botini. Nimetapika mara mbili. Kofia imenusurika.

Jumatano, 14 Mei

Subhanallah! Sijapata kuona jambo kama hili.

Hapa Barazani, Chukwani, simu unaiacha mlangoni. Spika anaingia na joho, siwa inatangulia mbele, wote wanasimama, mawaziri pia. Ikasomwa dua. Kisha kijana mmoja, rika la wanangu, akamuuliza waziri kwa nini bei ya mchele imepanda. Na waziri akainuka, akafunga kifungo cha koti, akajibu! Mwengine akauliza habari za maji. Akajibiwa! Kwetu hata sheha wa mtaa humuulizi kitu kabla hujasikiliza habari za mgongo wake. Machozi yalinitoka.

Swali la kumi na tatu likajibiwa, na muda ukawa umekwisha. Mjumbe mmoja akatoa hoja muda uongezwe. Spika akasema wanaoafiki waseme ndiyo. Wajumbe wakasema. Mimi nikasimama nikasema NDIYO kwa pumzi yangu yote, nyuma yao, peke yangu. Ukumbi mzima ukageuka.

Askari akanishika mkono kwa adabu. "Mzee, humu wageni hawapigi kura."

Swali langu limeulizwa mimi niko nje! Nimesikia meza zikipigwa tu. Waziri kasema nini, sijui.

Nikachukua simu. Mwanaasha kapiga mara kumi na moja. Nikampigia: Rahma ameshikwa na uchungu tangu asubuhi. Nikakaa chini pale pale getini. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Nilisoma kila dua ninayoijua, hata ya safari.

Alasiri ndipo nikapata habari: kajifungua Wete, mtoto mwanamme, wote wazima. Masoud ndiye aliyewapeleka kwa gari yake. Alhamdulillah. Nimelia tena.

Alhamisi, 15 Mei

Nimerudi. Mji mzima umesikiliza redio, wanajua jibu: mkunga atafika kabla ya mwisho wa mwezi. Wakaniuliza, kwa kuwa nilikuwepo, waziri alisemaje hasa. Nikasema alisema vizuri.

Kisha nikaambiwa jengine. Baba mtu yuko dago, babu yuko Chukwani, basi aliyemuadhinia mtoto sikioni ni Masoud. Mjukuu wangu! Nikamwambia Mwanaasha wangeningoja.

"Yeye alikuwepo," akasema, akaendelea kukunja nepi.

Limenichoma. Sikula vizuri.

Jumatatu, 26 Mei

Mkunga amekuja! Bi Mwatum, na begi lake na mwavuli. Nimemwangalia akishuka garini, nywele zimenisimama. Mtu anatamka maneno Chukwani, na maneno yanamleta mtu mzima mpaka Makangale! Nguvu iliyoje!

Nyumba aliyopewa inavuja. Masoud kapanda juu na nyundo, vijana wanampa mabati, wakaniita nishike ngazi. Nimekataa kwa upole. Jambo la paa la mkunga si la kushika ngazi, ni la kitaifa. Nimekaa kivulini na karatasi: "Je, ni lini Serikali itaezeka nyumba ya mkunga wa Makangale?" Nimeliandika mara nne hadi likakaa sawa. Swali zuri, zito, lenye heshima. Ningeondoka na boti ya Jumatano.

Adhuhuri wakawa wameshamaliza kuezeka. Masoud huyu! Kaniharibia swali.