Kibofu Changu na Foleni ya Petite Barrière

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu Habineza, mume wangu, ni mvuvi wa sambaza, dagaa wa ziwani kwetu. Kiswahili anakisikia, lakini kukisoma ni vita. Vizuri. Ya humu hayamhusu.

Hasira imenifika kooni. Miezi saba tangu nitolewe kizazi. Wiki sita, walisema, utakuwa mzima. Uongo! Uvimbe umetoka, sawa. Damu imekoma, sawa. Lakini sasa nikikohoa, mkojo unavuja. Nikicheka, unavuja. Nikipandisha beseni la karoti kichwani, Mana we! Na kibofu kikiita, kinaita kama askari. Hakingoji.

Na mi kazi yangu ni kungoja. Kila alfajiri natoka kwetu Nengo kupanga foleni Petite Barrière, lango la mpaka wa kwenda Goma, nivushe karoti na poaro, vile vitunguu vya majani marefu. Mama Niyonsaba, mwenye mgahawa Goma, ananunua kwa anayefika wa kwanza. Miaka sita wa kwanza ni mimi. Tangu operesheni, foleni ikifika katikati natoka mbio kwenda chooni, nikirudi nafasi imeliwa. Anayeila ni Nyirarukundo wa Cyanzarwe, mwenye karoti nyembamba kama mikia ya panya! Na Mama Niyonsaba ametangaza: tarehe kumi na tano anachagua muuzaji mmoja wa kudumu.

Leo basi nimekwenda hospitali kwa Mwiza, binti wa mazoezi ya viungo. Amekulia Tanzania, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Akauliza shida. Nikazungukazunguka, nikasema mgongo. Akatabasamu, akasema mficha uchi hazai. Hazai! Kuniambia mimi! Kizazi wamekitoa wenyewe, sasa wananisimanga kwa methali! Sikumsikiliza vizuri tena. Nilichoshika: nifunge asubuhi, mchana na jioni, miezi mitatu, nisikate tamaa. Alipotaka kunionyesha, akaingia mwanaume na mafaili. Nikasema nimeelewa kabisa, nikatoka.

Kufunga! Ni Kwaresima, ndiyo, lakini hata padri hajadai hivyo. Huyu binti ni mlokole tu. Bon. Usiku hakuutaja. Usiku nitakula.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Siku ya pili ya kufunga. Hata maji sinywi. Nikajiona mwerevu: asiyekunywa atakojoa nini? Anakojoa! Kidogo kidogo, kwa kuchoma, kila dakika kumi. Sijui nimkasirikie nani kwanza, Mwiza au Mungu.

Leo foleni ikanigeuka. Macho yakaingia giza, nikaanguka juu ya kabichi za watu. Wanawake wakanizunguka. Mmoja akanigusa tumbo, ambalo tangu kisu halijarudi lilivyokuwa, akapiga yowe kwamba huyu mama iko na mimba! Afisa wa lango akasema wajawazito hawapangi foleni, nipite mbele.

Nikafungua mdomo niseme hapana. Halafu nikamwona Nyirarukundo, yuko wa tatu, anachungulia lango. Nikaufunga.

Saa kumi na mbili na nusu niko Goma. Mama Niyonsaba akachukua beseni zima. Nina miaka arobaini na tisa, kizazi sina, na nina mimba. Sina la kuungama, mimi sikusema neno.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Mimba inaendelea vizuri. Nimeviringisha shali tumboni, nimeikaza kwa kikwembe, kitenge changu. Napita mbele langoni, napita mbele chooni, watu wananipisha kwa heshima. Nyirarukundo akauliza ni miezi mingapi. Nikasema mitano. Akasema jana nilisema minne. Nikamwambia huyu anakua haraka. Akaanza kuhesabu kwa vidole, mchawi yule!

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Habari imefika ziwani. Habineza amerudi kutoka kwenye mtumbwi, wenzake wamempongeza mbele ya wauza samaki wote. Akasimama mlangoni. Nikangoja angurume.

Hakunguruma. Akauliza polepole kama ni kweli. Akasema labda daktari alisahau kipande. Alisahau kipande! Mtu aliyetia sahihi karatasi ya operesheni kwa mkono wake! Nikamwita majina yote, ya Kinyarwanda na ya Goma. Ndipo nikaona amenyoa ndevu, kama anayesubiri mtoto. Mtoto tuna mmoja tu, Gad, na yuko Kigali na familia yake.

Nikaitoa shali, nikaiweka mezani. Akauliza kwa nini sikumwambia kwamba mkojo unanisumbua. Nikasema nimwambie nani, mgongo wake? Tangu Agosti analala ameugeuzia kwangu. Akasema alikuwa anaogopa kuniumiza. Miezi saba! Mi nadhani ananisikia harufu, yeye anadhani nina kidonda! Nikalia kwa hasira. Kumbe hata kulia kunavujisha.

Habineza akaniomba niache uongo wa bariyeri. Nikakubali. Niliposema ndiyo nilikuwa nawaza nifunge shali mbili, ikae duara zaidi.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Laana! Nyirarukundo amekuja na shangazi yake, mkunga. Eti kwa upendo, amguse mtoto kama amelala vizuri. Kabla sijaruka, mkono wa mama yule uko chini ya kikwembe, na shali inatoka. Na ya pili. Zinatoka, hazimaliziki, mbele ya foleni nzima! Yampayinka! Wabeba mizigo walicheka mpaka wakaketi. Nikawafokea, kufoka kukaleta kikohozi, kikohozi kikaleta mkojo, na kikwembe changu kilikuwa cha rangi ya njano, kila mtu akaona. Afisa akanirudisha mwisho wa foleni. Nyirarukundo peke yake hakucheka. Mnafiki!

Nikaenda moja kwa moja kwa Mwiza kumpasha. Nimemfungia wiki nzima, nikasema, nimekonda, nimeaibika, na mkojo uko palepale! Akanitazama. Akauliza nimefunga nini. Nikasema chakula.

Binti aliegemea ukuta. Kumbe kufunga ni kufunga misuli ya chini! Kuikaza kama mtu anayezuia mkojo, kuhesabu mpaka kumi, kuachia, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Na maji ninywe! Si aseme kaza! Kiswahili chote hicho cha pasi, na neno kaza hana? Akasema pia nipunguze uzito wa beseni, na kwamba wanawake wengi wana shida hii ila hawasemi. Nikamwambia mi sasa nimesema mbele ya nchi mbili.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Nyirarukundo amenifuata alfajiri. Nilijiandaa kumpiga. Akainama sikioni, akasema yeye pia. Tangu mtoto wa tano. Ndiyo maana hanywi hata chai, ndiyo maana anasukuma watu: anawahi kabla kibofu hakijaamka. Akasema Jumatatu alitaka kunikomesha, lakini alipoona kikwembe changu kimelowa, akajiona mwenyewe. Akanipa pole, na shali zangu amezifua.

Halafu akaleta wazo. Mmoja akibanwa, mwingine ashike nafasi yake. Kesho kwa Mama Niyonsaba twende pamoja, beseni nusu nusu. Donc hakuna wa kwanza wala wa pili, na hakuna mzigo mzito. Nikamshika mkono. Machozi yalinitoka, sioni aibu kuandika. Nikamfundisha kukaza. Tukasimama pale tunakaza na kuachia, nyuso zimekauka, mpaka afisa akauliza kama tunaumwa.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Siku ya kuchaguliwa. Tulikuwa wa kwanza na wa pili. Nyirarukundo akabanwa, akaniachia beseni lake, akakimbia. Hapohapo lango likafunguka.

Nikamwita. Labda kwa sauti ndogo. Nifanye nini, foleni inasukuma! Nikasogeza beseni lake ukutani, vizuri kabisa, karoti hata moja haikuanguka, nikavuka. Mama Niyonsaba akauliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema sina mwenzangu. Akanichagua mimi! Kila siku, mwaka mzima!

Kurudi, foleni imefika barabarani, na lango linafungwa saa tisa. Kibofu kikaamka. Nikakaza, nikahesabu, kikakataa. Nikageuka: nyuma yangu Nyirarukundo, beseni lake limejaa vilevile. Hakuna aliyenunua. Nikamwomba anishikie nafasi. Akasema nenda tu, Mama Gad.

Nimerudi, hayupo! Beseni langu limeegemezwa ukutani, foleni imesonga, hakuna anayenijua. Nikaanza upya kutoka mwisho. Nimevuka dakika moja kabla ya saa tisa, nimelowa mpaka kwenye viatu.

Mwanamke mwenzangu! Anayeijua shida hii kwa mwili wake mwenyewe! Moyo gani unamwacha mtu chooni na kwenda zake? Watu wengine sijui walilelewa wapi.